HOTUBA YA KATIBU KUHUSU MWANGA WA JUA NA NAILONI YA KITALU NYUMBA

(Imesomwa mbele ya wanachama. Imeandikwa hapa ukutani ili na waliokuwa shambani waisome. Asiyejua kusoma asomewe.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Leo hatuzungumzi habari za mbolea wala za barabara. Tunazungumza habari za jua. Mtasema, jua nalo laitishiwa mkutano? Ndiyo, kwa sababu fedha za ushirika, ambazo ni jasho la kila mmoja wetu, zinataka kwenda kununua nailoni ya kuezekea kitalu nyumba, na nailoni hiyo kazi yake ni kuchuja jua. Asiyejua anachochuja atanunua chujio bovu.

Tena yupo mchuuzi aliyepita hapa na nailoni nyekundu, akasema nyanya zitaiva upesi na kuwa nyekundu zaidi. Wengine wetu wamekwisha kushawishika. Basi tulijadili jambo hili pamoja kabla mfuko haujafunguliwa.

Wazee wanakumbuka mwaka 1955. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi. Watu walikataa, fujo zikatokea kule Matombo, na mpango ukafa. Si kwamba Mluguru hajui ngazi. Hapa Mgeta watu walikuwa wakilima kwa ngazi zao wenyewe. Lakini kazi ya kuamrishwa bila maelezo haina mwenyewe. Sisi hatutaki kitalu nyumba kisicho na mwenyewe.

KWANZA: JAMBO HILI TUNALIJUA

Kila mmoja wetu amewahi kusia mbegu ya kabichi au nyanya. Tunafanyaje? Tunajenga kichanja juu ya kitalu, tunatandika nyasi au majani ya migomba. Miche ikishaota tunapunguza nyasi kidogo kidogo, mpaka siku ya kuhamishia shambani miche imezoea jua. Ukiacha nyasi nyingi, miche hurefuka, huwa myembamba na kulala. Ukitoa zote siku moja, hubabuka. Basi huko ndiko kuupima mwanga. Nailoni na neti ni kichanja kilichotoka kiwandani, hakuna zaidi.

PILI: MMEA UNAKULA MWANGA

Mwanga wa jua unaonekana mweupe, lakini ndani yake mna rangi zote za upinde wa mvua. Mmea hutumia zaidi nyekundu na buluu, na sehemu ya kijani huirudisha. Ndiyo maana jani tunaliona la kijani. Upo pia mwanga ambao macho yetu hayauoni, unaoitwa urujuanimno. Huo ndio unaochakaza nailoni ikapasuka.

Kwa hiyo nailoni ya kawaida ya dukani, ile ya kufunikia mizigo, haifai. Haina dawa ya kuikinga na urujuanimno, na jua litaimaliza upesi. Nailoni ya kitalu nyumba yenye dawa hiyo, nene kiasi cha maikroni 200, inaweza kukaa miaka 3 au zaidi ikitunzwa. Rahisi ni ghali, ndugu zangu.

TATU: KUTAWANYA MWANGA

Ipo nailoni inayopitisha jua moja kwa moja, na ipo yenye weupe kidogo, inayotawanya mwanga. Ile ya kwanza jani la juu huungua, la chini hukaa gizani. Ile ya pili mwanga huingia kutoka kila upande, na majani ya chini nayo yanafanya kazi. Huko Uholanzi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wageningen walijaribu vioo vya kutawanya mwanga, na mavuno ya nyanya yakaongezeka kwa asilimia kadhaa.

Kuijua ni rahisi, na kila mwanafunzi wa kisomo anaweza. Saa sita mchana, jua likiwa kali, nyosha kipande cha nailoni. Chini yake shika penseli juu ya daftari. Kivuli cha penseli kikiwa na ukingo mkali, nailoni hiyo haitawanyi. Kikiwa hafifu kama moshi, inatawanya. Mchuuzi akikataa kipimo hiki, tumuage kwa heshima.

NNE: HAPA NI MGETA, SI MOROGORO MJINI

Hapa tuwe makini sana. Yanayofaa chini mjini, ambako joto ni kubwa, si lazima yafae huku juu. Sisi mwezi wa sita na wa saba tuna baridi, na wakati wa masika ukungu unashuka mpaka mlangoni. Ukungu wenyewe unatawanya mwanga tayari. Siku kama hizo shida yetu si jua kali, shida ni mwanga kuwa kidogo.

Waholanzi wana kanuni yao: mwanga ukipungua kwa asilimia 1, mavuno ya nyanya nayo hupungua kwa karibu hiyo hiyo. Sasa fikirini mtu anayefunga neti nyeusi ya kivuli ya asilimia 50 kisha anaiacha mwaka mzima. Siku za ukungu amewanyima nyanya nusu ya chakula kilichokuwa kidogo tangu mwanzo! Kwa hiyo neti yetu iwe ya kufungua na kufunga kama pazia. Jua likiwa kali saa za mchana, ivutwe. Wingu likitanda, ikunjwe. Na paa lioshwe, maana vumbi na ukoga ni kivuli ambacho hatukukinunua lakini tunakilipia.

TANO: HABARI ZA NAILONI NYEKUNDU

Nailoni nyekundu ya kawaida haizai mwanga mwekundu. Inazuia rangi nyingine na kuipitisha nyekundu iliyokuwamo tayari. Maana yake jumla ya mwanga inapungua. Na wekundu wa nyanya hautoki kwenye paa. Unatoka kwenye tunda lenyewe likiiva katika joto la kadiri. Joto likizidi sana nyuzi 30, nyanya haziwi nyekundu vizuri hata ukiezeka kwa damu ya ng'ombe.

Ni kweli, katika nchi nyingine wameanza kutengeneza nailoni inayopokea urujuanimno na buluu na kuzigeuza kuwa mwanga mwekundu. Hiyo ni kitu kingine kabisa, na bei yake si ya mfuko wetu. Neti za rangi nazo zimefanyiwa utafiti Israeli kwa miaka mingi, lakini kila rangi ina zao lake na hali yake ya hewa. Hatuwezi kununua jina.

SITA: WADUDU NAO WANATUMIA MWANGA

Inzi weupe na vithiripi hutumia urujuanimno kuona njia. Nailoni inayouzuia huwapoteza, wakapungua ndani. Ila nyuki nao huutumia, hivyo nyanya zetu tutazitikisa maua wenyewe asubuhi ili zishike matunda.

Kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014, tunamfahamu kwa machungu. Kwake yeye dawa ya kwanza ni neti yenye matundu madogo na mlango unaofungwa. Kule Njoro, Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton walifunika miche ya nyanya kwa neti nyepesi. Matokeo yao ya mwaka 2012 yalionyesha mbegu zikiota mapema, miche ikiwa na afya, na wadudu wakipungua. Hilo ni jambo la mkulima mdogo, si la tajiri.

MAPENDEKEZO YETU

1. Tusianze na kitalu nyumba kikubwa. Tuanze na kitalu cha miche cha ushirika chenye neti nyepesi, ili kila mwanachama, hata mjane mwenye ngazi tatu tu za shamba, apate miche mizima. Kitalu nyumba kikubwa kitawafaa wachache kabla ya wengi.

2. Nailoni nyekundu isinunuliwe.

3. Tukinunua nailoni, iwe yenye kinga ya urujuanimno na ipite kipimo cha penseli mbele ya wanachama.

4. Wachaguliwe watu wawili, mama mmoja na kijana mmoja, wateremke Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wakaulize kabla hatujalipa hata senti moja.

5. Nusu ya tuta ifunikwe na nusu iachwe wazi. Mavuno yapimwe kwenye mizani ya ushirika na kuandikwa hapa ukutani, yakiwa mazuri au mabaya.

Ndugu wanachama, jua la Mungu ni la bure, lakini kulichuja kuna gharama, na gharama hiyo ni yetu sote. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo kwenye mkutano, asiiache kilabuni. Kura itapigwa kwa kunyoosha mikono.

Kazi kwetu.

Katibu wa Tawi