Pumu: Nafuu ya Haraka Isikudanganye

Msikilizaji, inhela ya bluu yenye salbutamoli hulegeza misuli ya njia za hewa ndani ya dakika chache, lakini haitibu uvimbe ulio katika njia hizo. Ndiyo maana mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA uliacha kupendekeza itumike peke yake kwa watu wazima na vijana. Anayemaliza inhela 3 za bluu au zaidi kwa mwaka yumo katika hatari kubwa zaidi ya shambulio kali.

Wapo wasemao inhela ya steroidi, itibuyo uvimbe huo, ni ghali na huleta uteja. Bei ni kikwazo cha kweli, ila kulazwa nako kuna gharama. Na steroidi ya kuvuta haileti uteja. Usiitupe ya bluu. Ukiihitaji zaidi ya mara 2 kwa wiki, muone daktari.