Mkono Utoao na Mkono Upokeao



Nimeagizwa kunena juu ya misaada itokayo mbali, na juu ya kuaminiana kati yao watoao na sisi tupokeao. Jambo hili si la watunza hazina peke yao. Mwaka huu wa Yubile zimetujia barua za rafiki zetu wa ng'ambo, wapendao kutusaidia kutengeneza zahanati na nyumba za waalimu, na Sinodi haina budi kuzijibu. Kabla hatujajibu, yatupasa kujiuliza: fedha zikiisha kufika, ni nani atakayeshika daftari, na ni nani atakayeamua kazi ipi itangulie?

Swali hili ni la zamani. Henry Venn, aliyekuwa katibu wa shirika la CMS huko London tangu mwaka 1841 hata 1872, alifundisha kwamba kazi ya misioni ni kulea kanisa litakalojitegemea kwa mali, litakalojitawala, na litakaloeneza Injili lenyewe. Kisha misioni iondoke, iende kwingine. Katika kulitimiza neno hilo, Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyetekwa utumwani mwaka 1821 na kuokolewa mwaka uliofuata, aliwekwa kuwa askofu mwaka 1864, akaiongoza kazi ya mto Niger pamoja na wasaidizi Waafrika.

Lakini mfuko ulikuwa London. Venn alikufa mwaka 1873, wakaja wengine wenye nia nyingine. Mwaka 1890 wamisionari vijana wa Kiingereza, walioketi katika halmashauri ya fedha ya misioni ile huko Onitsha, waliwashitaki wasaidizi wengi wa Askofu na kuwasimamisha kazi. Mzee yule, aliyekuwa na umri wa miaka themanini hivi, hakuweza kuwaokoa, akajiuzulu katika halmashauri. Alikufa tarehe 31 Desemba 1891, na aliyewekwa mahali pake alikuwa Mwingereza. Tazameni basi: fimbo ya uchungaji alikuwa nayo, lakini ufunguo wa sanduku ulikuwa mkononi mwa wengine. Cheo kisicho na amri juu ya mali ni taa isiyo na mafuta.

Je, Wakristo wa kule walikata tamaa? La. Mwaka 1892 makanisa ya Delta ya Niger, yakiongozwa na Arkidikoni Dandeson Crowther, mwana wa Askofu, yalianza kuwatunza wachungaji wao kwa mali yao na kuyaendesha mambo yao wenyewe. Wala hawakutoka katika Kanisa la Anglikana. Ushirika waliupenda, walilolikataa ni kufanywa watoto milele.

Karibu nasi zaidi, katika nchi ya Kenya, Mchungaji John Gatu alikuwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki. Mwaka 1971, huko Milwaukee katika Marekani, aliwaambia wenye kutoa kwamba wamisionari waondolewe kwa muda usiopungua miaka mitano, ili kila upande ujitafakari. Wengi walichukizwa, wakamwona hana shukrani. Lakini mwaka 1974 makanisa ya Afrika, yaliyokutana Lusaka, yaliliunga mkono wazo hilo. Misaada haikukoma, wala urafiki haukukoma. Bali tangu siku zile watoaji wengi walijifunza kuuliza kabla ya kuamua. Na neno ambalo kanisa lile limejichagulia ni la Kiswahili: Jitegemea.

Msidhani mambo haya ni ya makanisa tu. Mwaka 2021, katika mkutano wa hali ya hewa uliofanyika Glasgow, serikali tano pamoja na mashirika ya wafadhili waliahidi dola bilioni 1.7 kwa watu wa asili na wenyeji wa misitu, kwa kuwa hao ndio walinzi wake. Hesabu ya mwaka wa kwanza ilipotolewa, ilionekana kwamba asilimia 7 tu ya fedha zilizotumika ndiyo iliyowafikia moja kwa moja watu hao na vyama vyao. Sehemu iliyobaki ilipita mikononi mwa wengine kwanza. Walinzi wa msitu walisifiwa, lakini mfuko hawakukabidhiwa.

Kwa nini huwa hivyo? Mtoaji aogopa kuibiwa. Mpokeaji aogopa kudharauliwa. Basi mtoaji huongeza masharti na hati za kujaza, na mpokeaji hujifunza kuandika yale yampendezayo mtoaji, wala si yale aliyoyaona kijijini. Hivyo wote wawili hudanganyana kwa adabu. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama atembeaye nusu siku na mtoto mgonjwa ajua mahali pafaapo kuwekwa zahanati kuliko aketiye mbali na ramani.

Lakini Mtume Paulo atuonya sisi pia. Alipokusanya sadaka kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuichukua peke yake, ingawa alikuwa mtume. Makanisa yalimchagua ndugu wa kusafiri pamoja naye, ili pasiwe na lawama juu ya mali ile. Ikiwa Paulo hakuona haya kuangaliwa, sisi tu nani hata tukasirike tukiulizwa hesabu?

Kwa hiyo naomba mambo manne. Kwanza, tuwajibu rafiki zetu kwa kutaja haja zetu wenyewe, kwa mpango uliofanywa na mitaa. Na sharti lo lote litakalotunyang'anya haki ya kuamua, tulikatae kwa upole, hata ikiwa zawadi itapungua. Pili, hesabu isomwe mbele ya jamaa wa mtaa, kwa Kiswahili, kabla haijapelekwa ng'ambo. Tatu, sisi tutangulie kutoa, kila mtu kwa kadiri yake, mayai au mahindi au kazi ya mikono. Maana asiyetia kitu chake hana neno katika baraza. Nne, tuwaombe wafadhili nao watueleze fedha zao zatoka wapi, na ni kiasi gani kinachobaki njiani.

Tena liko neno zito kuliko hayo. Ofisi ya dayosisi nayo ni mtoaji machoni pa mtaa ulio mbali. Mwalimu wa kijiji cha mwisho akingoja miezi kupata jibu, na akiamriwa bila kuulizwa, yafaa nini kumlalamikia mgeni wa London au wa Milwaukee? Mamlaka tutakayoidai kwa wageni na tuikabidhi pia kwa wadogo wetu, la sivyo tutakuwa tumebadili bwana tu.

Wazee waliojenga makanisa yetu ya kwanza kwa miti na udongo walipokea wageni kwa moyo, nao walitoa jasho lao. Mungu atujalie kupokea bila kuinama, na kutoa bila kujikweza, hata mkono utoao na mkono upokeao usijulikane upi ulio juu. Amina.