Dawa Huchagua Mmea, Haimchagui Jirani

Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wakazi wa kata, mwanzoni mwa msimu wa mvua

 

Nimepewa nafasi hii nizungumzie matumizi salama ya dawa za kuua magugu katika ukoka wa nyumbani. Mimi si bwana shamba. Haya nitakayoyasema nimeyapata kwa kuketi na maafisa ugani wetu na kwa kusoma lebo za dawa neno kwa neno. Sehemu yake moja nimejifunza kwa kosa langu mwenyewe, nami nitalikiri hapa mbele yenu.

Kwa nini tuzungumze habari za ukoka?

Huenda mtu akauliza: Halmashauri imekosa la kusema hata ianze kuhubiri habari za ukoka? Wazee waliopo hapa wanalijua jibu. Wanayakumbuka makorongo mekundu yaliyoila ardhi ya Kondoa. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wengi wetu tunaujua kwa jina la HADO. Na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi, ili ardhi ipate kupumzika na majani yapate kurudi. Wananchi walilipa gharama kubwa kwa ajili ya majani hayo. Kwa hiyo ukoka unaotanda mbele ya nyumba si urembo tu. Ni blanketi la udongo. Anayeuondoa wote na kuacha uwanja mtupu, mvua ya kwanza ya Desemba humwonyesha njia mpya ya maji, na njia hiyo isipozibwa huwa mfereji, kisha huwa korongo.

Lakini pamoja na ukoka huota mbigili inayotoboa matairi ya baiskeli na nyayo za watoto, huota kishona nguo, na huota magugu mengine mengi ya majani mapana. Hapo ndipo watu wanapokwenda dukani kutafuta dawa.

Dawa hizi ni za namna mbili

Ziko dawa zinazoua kila jani la kijani zinalolifikia. Glifoseti ni ya kundi hilo. Ukiinyunyiza juu ya ukoka ili kuua mbigili, utaua vyote viwili. Parakwati nayo huunguza kila jani inaloligusa, tena ni sumu kali kwa binadamu: mtu akiimeza, hata funda dogo laweza kumuua, wala haina dawa ya kuiondoa nguvu mwilini. Hiyo haina nafasi katika ua wa nyumba yenye watoto.

Namna ya pili ni dawa zinazochagua. Inayofahamika zaidi ni ile ambayo jina lake ni tarakimu na herufi: 2,4-D. Ilianza kuuzwa duniani katika miaka ya 1940. Dawa hii huiga kichocheo cha ukuaji kilichomo ndani ya mimea. Mmea wa majani mapana ukiinywa, hukua ovyo, shina hujipinda, majani hukunjamana, na mwisho hufa. Mimea ya jamii ya nyasi, kama ukoka, mahindi na mtama, kwa kawaida huistahimili ikitumiwa kwa kipimo na wakati unaofaa.

Ndugu wananchi, hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Dawa hii huchagua kwa umbile la mmea, haichagui kwa faida yake kwetu. Haijui kwamba mbigili ni adui na alizeti ni mafuta ya nyumba. Kwake yeye vyote ni majani mapana. Mlenda, mchicha, mgagani, mchunga, nyanya, maharage na mbaazi, vyote vimo katika orodha yake ya kuuawa. Mzabibu nao hudhurika kwa kiasi kidogo sana cha dawa hii, jambo ambalo wenzetu wanaolima zabibu kule Hombolo na Mpunguzi hawana budi kulijua.

Kosa langu

Msimu mmoja niliona mbigili zimezidi uani kwangu. Nikanunua dawa katika duka moja, nikapimiwa ndani ya chupa tupu ya maji ya kunywa, isiyo na lebo. Nikainyunyiza saa nane mchana, jua kali na upepo ukivuma. Mbigili zilikufa na ukoka ukabaki kijani. Nikajisifu.

Baada ya siku chache jirani yangu, mama mtu mzima aliyelima robo eka ya alizeti kando ya ua wangu, akaniita. Mistari iliyokuwa karibu nami ilikuwa imepinda shingo, na majani yamejikunja kama yaliyopitiwa na moto. Nilimwomba radhi, na tukakubaliana fidia mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Lakini fidia haikuwa jambo lililoninyima usingizi. Mama yule aliniuliza swali moja tu: “Mwanangu, na ule mlenda niliouchuma pale uani siku ile, nikawapikia wajukuu?”

Sikuwa na jibu. Sikujua ni dawa gani niliyonyunyiza, nguvu yake ilikuwa kiasi gani, wala ilipaswa kuachwa siku ngapi. Chupa haikuwa na lebo. Wajukuu wale hawakudhurika, namshukuru Mungu. Ila sikuwa na mchango wowote katika usalama wao. Maji yakimwagika hayazoleki, na dawa ikishachukuliwa na upepo hairudi ndani ya bomba.

Kabla ya kununua

Kwanza, jiulize kama unaihitaji. Ua mdogo hauhitaji dawa. Mvua ikinyesha na udongo ukalainika, mbigili hung'oka na mzizi wake kwa kijembe, na ukiing'oa kabla haijazaa miiba, umeondoa pia mbegu za mwaka ujao. Ukoka usiokatwa chini mno hujaa na kuyanyima magugu mwanga.

Pili, ukiamua kununua, nunua katika duka la pembejeo lililosajiliwa, chupa yenye kizibo kisichofunguliwa na lebo inayosomeka. Sheria ya Afya ya Mimea Namba 4 ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yaani TPHPA, ambayo ndiyo husajili dawa hizi. Tafuta namba ya usajili kwenye lebo. Kataa dawa ya kupimiwa.

Tatu, soma lebo kabla ya kulipa. Tazama mstari wa rangi chini yake: nyekundu ni sumu kali sana, njano ni yenye madhara, bluu ni ya tahadhari, na kijani ni yenye hatari ndogo zaidi, hata hivyo hakuna rangi inayomaanisha kwamba dawa inanyweka. Kama ni 2,4-D, angalia pia kama imeandikwa “Amine” au “Ester”. Ya pili hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi wakati wa joto na kusafiri hadi kwa jirani. Kwa mazingira ya makazi, ya kwanza ndiyo afadhali. Lebo isipotaja matumizi unayoyakusudia, mwone afisa ugani wa kata kwanza.

Nne, ujue ukoka wako. Ukoka wa kawaida wenye majani membamba huistahimili dawa hii. Nyasi za Pemba, zenye majani mapana, huweza kudhurika. Jaribu kwanza kipande cha hatua moja kwa moja, usubiri wiki mbili. Nyasi zilizopandwa karibuni ziache zishike mizizi kwanza. Fahamu pia kwamba ndago, ingawa hufanana na nyasi na husumbua kama gugu, haifi kwa urahisi kwa 2,4-D. Usiongeze kipimo kwa hasira.

Kupima na kunyunyiza

Wengi wetu tunakosea katika kipimo. Tuseme lebo inaagiza lita 1 kwa hekta. Hekta ni mita za mraba 10,000. Ua wa mita 10 kwa 10 ni sehemu moja ya mia ya hekta, kwa hiyo unahitaji mililita 10 tu, kiasi cha vijiko viwili vya chai. Lakini usipimie kijiko cha jikoni. Tumia kipimo maalumu kisichorudi kwenye chakula. Ili kujua maji yatakayohitajika, tia maji matupu katika bomba, nyunyiza eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha uone yametumika kiasi gani. Yakiwa lita 3, basi mililita 10 hizo zitachanganywa na lita 3. Tia nusu ya maji kwanza, kisha dawa, kisha maji yaliyobaki. Na kama magugu yako katika vipande vichache tu, nyunyiza vipande hivyo na uuache ua mwingine.

Nyunyiza asubuhi, upepo ukiwa umetulia, siku ambayo hutarajii mvua kwa saa kadhaa. Nyanyua kitambaa chepesi au dondosha vumbi kidogo: likipeperuka kuelekea kwa jirani, ahirisha. Nozeli iwe karibu na ardhi, na matone yawe makubwa badala ya ukungu. Magugu yawe machanga na yanayokua. Gugu lililonyauka kwa ukame hainywi dawa vizuri.

Vaa buti, glavu za mpira, nguo ya mikono mirefu, miwani na kinga ya pua na mdomo inayotajwa kwenye lebo. Usile, usivute sigara, wala usizibue nozeli kwa mdomo. Mama mjamzito asinyunyize wala asifue nguo zilizotumika. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

Baada ya kunyunyiza

Watoto, mbuzi na kuku wasiingie mpaka muda uliotajwa kwenye lebo upite. Mboga za kujiotea zisichumwe katika eneo lililonyunyizwa. Majani yatakayofyekwa baada ya hapo wasilishwe ng'ombe, wala yasitandazwe katika bustani ya mboga, hadi lebo iruhusu.

Bomba la mgongoni ni jambo la peke yake, kwa kuwa huku kwetu tunaazimana. Mabaki madogo ya 2,4-D yaliyobaki katika bomba hutosha kuharibu nyanya za mtu atakayelitumia kesho kwa dawa ya wadudu. Bomba la magugu liwe la magugu tu, na lipakwe alama ya rangi. Lisuuzwe mara tatu, na maji ya kusuuzia yanyunyizwe juu ya ukoka uleule, si katika mtaro, kisima wala Mto Bubu. Chupa tupu nayo isuuzwe mara tatu, itobolewe, isichomwe moto na isitumike kuhifadhi mafuta wala maji. Dawa iliyobaki ikae katika chupa yake ya asili, ndani ya kabati lenye kufuli, mbali na chakula.

Ajali ikitokea

Dawa ikimwagikia ngozi, vua nguo na uoshe kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Mtu akimeza, usimtapishe, na usipoteze muda kumnywesha maziwa. Maziwa hayaondoi sumu. Mwahishe katika kituo cha afya, na uichukue chupa pamoja na lebo yake. Daktari atauliza swali lilelile nililoulizwa na jirani yangu, naye anastahili kupata jibu.

Mwisho

Ndugu wananchi, tangu siku ile nina utaratibu mmoja ambao haukuandikwa katika lebo yoyote. Kabla sijafungua chupa, hubisha hodi kwa jirani. Humwambia ni dawa gani, nitanyunyiza siku gani, na asichume mboga kandokando ya ua kwa muda gani. Naye hunionyesha alichopanda na mahali kilipo. Mara moja alinionyesha miche ya mbaazi ambayo sikuiona, nikairudisha dawa kabatini na kuchukua jembe.

Maafisa ugani wapo kwa ajili yenu, na kuwauliza hakuna malipo. Nendeni na lebo mkononi kabla ya kunyunyiza.