Kujilinda na Kulipiza: Maneno ya Walimu katika Siku ya Wakimbizi Duniani



Kamati imetutaka sisi walimu tuseme machache juu ya kujilinda. Tumekubali kwa kuwa watoto sasa wanasimulia darasani jinsi mwizi alivyopigwa kama wanavyosimulia mpira.

Sisi tuliopokelewa Tanzania tunapaswa kutii sheria zake. Ndivyo usemavyo Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 2. Nayo Kanuni ya Adhabu ya hapa, kifungu cha 18 hadi 18C, humpa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwenzake na kulinda mali. Lakini nguvu itumike kwa kadiri ya lazima tu. Anayezidisha atajibu kwa kosa litakalotokea.

Kadiri ni ipi? Tuseme usiku mtu anachana turubai lako, mkononi ana panga. Ukimpiga kwa mchi hata panga likamdondoka, umejilinda. Akikimbia, hatari imekwisha. Akiisha kufungwa kamba, kila fimbo inayofuata ni kulipiza, hata kama aliiba posho ya mwezi mzima. Hapo aliyeibiwa hugeuka mshitakiwa, na yule aliyepita njia akaongeza teke moja kwa ushabiki yumo pia.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inamruhusu hata asiye polisi kumkamata mhalifu, ila amkabidhi polisi bila kukawia. Vijana wa sungusungu, kazi yenu inaishia hapo.

Akina mama mnaokwenda kuni mnatuuliza: nikimkata anayetaka kunibaka, nitafungwa? Kifungu cha 18C kimeutaja ubakaji waziwazi. Aliyeamini kwa nia njema, na kwa sababu za msingi, kwamba hana budi kufanya hivyo ili aokoke, sheria inamlinda hata mshambuliaji akifa. Aende polisi mapema akaeleze, na hospitali kabla ya kuoga. Tunayasema haya mbele ya wanaume makusudi, ingawa tunaona wengine mmeinama.

Ndugu wa mashirika, mwizi hupigwa zaidi pale ambapo polisi wako mbali na watu hawana imani kwamba watafika. Tunaomba filimbi na tochi kwa kila doria ya usiku, na mtu wa kupokea mtuhumiwa hata saa nane za usiku.