Hotuba juu ya Nyasi Zipendazo Baridi



Leo twataka kunena juu ya nyasi za kiwanja ziitwazo feskyu ndefu. Neno letu ni moja: kila nyasi zina majira yake na kazi yake, naye apandaye bila kujua hayo hupoteza mbegu na udongo pia.

Mwaka wa 1931 Bwana E. N. Fergus, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kentucky katika Marekani, alifika wilaya ya Menifee, akaziona nyasi hizi zimesitawi juu ya mteremko wa kilima. Mbegu zake zilijaribiwa, na mwaka wa 1943 wakulima wakapewa, zikiitwa Kentucky 31. Sifa yake ni mizizi iendayo chini sana, ikaushika udongo usichukuliwe na mvua.

Je, zipandwe lini? Huko Kentucky ni mwanzo wa Septemba, joto lipunguapo. Azipandaye karibu na miezi ya joto, miche yake hupatwa na jua kali ingali na mizizi mifupi, ikafa. Yafaa kulainisha udongo, kumwaga mbegu ratili 8 katika futi za mraba 1,000, kuzifukia robo inchi tu, na kunyunyiza maji kidogo kidogo hata ziote.

Katika kukata, tuache urefu wa inchi 3, wala tusiondoe zaidi ya theluthi kwa mara moja. Jani ndilo limlishalo mzizi. Akataye mpaka chini huuacha udongo wazi ukauke. Tena nyasi hizi hazitambai sana. Palipo na upara hapana budi kupandwa upya.

Lakini yako ya kuangaliwa. Katika miaka ya 1970 wataalamu walivumbua ukungu ukaao ndani ya Kentucky 31. Ukungu huo huzisaidia nyasi kuvumilia ukame na wadudu, lakini ng'ombe wazilao hushindwa na joto na kukonda, na farasi wenye mimba hupoteza watoto. Siku hizi ziko mbegu zisizo na madhara hayo.

Basi, ndugu, kabla ya kutoa fedha, na tuulize: mbegu hizi ni za kiwanja, au za malisho? Nyasi zilizo njema uwanjani zaweza kuleta hasara zizini.