Zebedayo Chomboni

Nawasalimu kutoka Kiwanjani, hapa Isiolo, jirani na uwanja wa ndege. Leo nitawaeleza habari za kuvua samaki baharini. Najua wengine mtacheka, kwa maana sisi wa huku tunajua mbuzi na ngamia, na wako wazee wetu ambao hawajaonja samaki mpaka leo.

Desemba 2024 nilikwenda Watamu pamoja na mke wangu na watoto, kumtembelea shemeji yangu. Mtoto wetu mkubwa alikuwa amemaliza Kidato cha Nne, na kulikuwa na neno baina yetu. Yeye alitaka kwenda Mombasa kujifunza ufundi wa mitambo, mimi nilimkatalia. Mnakumbuka jinsi mvua zilivyokosa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Mbuzi wangu wengi walikufa. Hao wachache waliobaki, nani angewachunga? Tangu siku hiyo alinijibu, "Ndiyo, Baba," wala hakuongeza neno.

Shemeji alitutafutia nahodha, mzee wa makamo, lakini huyo hakukubali siku tuliyoitaka sisi. "Hii ni bamvua," alisema. "Maji yaenda mbio, chubwi halitakaa chini. Ngojeni maji mafu." Huko bahari hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kadiri ya dakika hamsini. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kujaa na kupwa huweza kupishana karibu meta nne. Basi tukangoja karibu juma zima. Wakati ule ni wa kaskazi, na bahari si kali kama wakati wa kusi. Ndani ya hifadhi ya bahari iliyowekwa mwaka 1968 hairuhusiwi kuvua, hata kwa mshipi mmoja, kwa hiyo tulikwenda mbali nje ya mipaka yake.

Mimi nilitapika kabla sijamwona samaki hata mmoja. Mzee wa kanisa, nimeshika ubavu wa dau! Kijana wangu alicheka, nami sikukasirika. Nilikuwa sijasikia kicheko chake kwa miezi miwili.

Tulitia vipande vya ngisi kwenye ndoana, tukateremsha mishipi. Punde si punde wangu na wake ikasokotana. Nilitaka kuvuta kwa nguvu. Nahodha akanizuia: "Usivute, utakaza fundo. Wala usikate. Kaeni wawili mfungue." Tukakaa goti kwa goti. Ilichukua muda mrefu, na hapo ndipo kijana alipoanza kusema. Kumbe alikuwa amekwisha kupatana na binamu yake achunge mbuzi wetu, naye apewe mwanambuzi mmoja kila mwaka. Alijua hesabu ya mbuzi wote, hata wale wenye mimba. Mambo yote hayo alikuwa nayo moyoni, nami sikumwuliza hata mara moja.

Tulipata changu wawili na tewa mdogo. Yule tewa nahodha alimrudisha majini.

Usiku nilifungua Mathayo sura ya nne. Yakobo na Yohana walikuwa chomboni pamoja na baba yao, wakitengeneza nyavu, Bwana alipowaita. Nimefundisha habari hiyo mara nyingi, na kila mara nilisema juu ya wale vijana walioondoka. Juu ya Zebedayo sikusema kitu, yule aliyebaki na wavu mkononi. Nilitafuta mahali alipowakataza wanawe, hata katika Marko. Sikupaona.

Januari nilimsindikiza kijana wangu hadi kituo cha basi hapa Isiolo. Kipande cha mshipi alichopewa na nahodha alikuwa amekifungia mlango wa zizi la mbuzi, nao unafunga vizuri hata sasa.

Kwaherini, wapenzi, hadi juma lijalo.