Kujenga Nyumba bila Kumaliza Pori



Ndugu wapenzi, kiangazi ni wakati wa kufyatua matofali. Huku kwetu Katanga twachimba udongo wa kichuguu, kisha twakata miti ya pori ili kuwasha tanuru. Moto huo huwaka siku chache. Mti wataka miaka mingi kukua tena. Watoto wetu watapata wapi kuni na boriti?

Swali: Mkristu anayetaka nyumba imara afanye nini?

Jibu: Tofali bichi lililokauka vema hudumu, mradi lisilowe. Basi tulianike kivulini kwanza, lisipasuke. Tuweke msingi wa mawe, na paa litokeze mbele ya ukuta, mvua isiupige. Matofali ya kuchomwa tuyaweke penye unyevu tu.

Mungu alimweka Adamu bustanini ailime na kuitunza. Papa Fransisko alitukumbusha neno hilo katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015. Kwa hiyo tukilazimika kukata mti, kisiki tusiking'oe, maana huchipua. Machipukizi tuyakinge na moto wa pori. Hivyo wana wetu nao watajenga.